Submariner 5513 ya zamani au 124060 mpya, kwa mtu anayezamia kweli?

Mkaazi wa Maskati aliuliza:

Assalaam alaykum. Bahari ikitulia, Ijumaa hainipiti bila kwenda kuzamia, ama Bandar Khayran ama visiwa vya Daymaniyat. Baada ya miaka kadhaa ya kudunduliza, nimefikia uwezo wa kununua saa moja ya maana, na moja tu, kwa hiyo sitaki kuja kujuta. Nimebakiwa na Submariner mbili za Rolex. Ya kwanza ni 124060, mpya, toleo lililotangazwa Septemba 2020: haina tarehe, upana wake ni milimita 41 na inahimili kina cha mita 300. Ya pili ni 5513 ya miaka ya 1970 aliyonionesha mfanyabiashara mmoja wa saa za zamani. Alama zake zimegeuka rangi ya samli, kioo chake kimevimba kidogo juu ya uso, na nilipoivaa nilisahau kilichonipeleka dukani. Bei zake hazipishani kiasi cha kuniamulia. Je, 5513 ni saa ya kuingia nayo majini, au ni ya kuvaa arusini tu?

Fundi Saa alijibu:

Wa alaykum salaam. Nimefungua saa za watu kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo utaniwia radhi nikianzia ndani badala ya usoni. 5513 ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1989, na ilipotoka kiwandani ilihimili mita 200, lakini mita hizo zilitegemea mipira mipya ya kuzuia maji, ufunguo (kile kidude cha pembeni cha kujazia saa) ambao hesi zake hazijalika na kasha ambalo halijaingiwa na kutu. Mipira hubadilishwa kwa gharama ndogo, na ufunguo vilevile. Chuma kilichokwisha kuliwa ni shida nyingine. Mtu akiizamisha saa miaka nenda miaka rudi bila kuisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi hujikusanya chini ya mfuniko wa nyuma, pale pale mpira unapokalia, na hutoboa vishimo vidogo kama makovu ya ndui ambavyo huwezi kuviona mpaka mfuniko utoke. Mpira mpya juu ya vishimo hivyo hauzibi kitu. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako. Akikataa, umeshapata jibu.

Ukishauangalia mfuniko, angalia rangi inayong'aa. Saa ya miaka hiyo ilipakwa tritiumu, dutu yenye mnunurisho ambayo hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya miaka 12 hivi; kuitambulisha, chini ya uso, pembeni mwa alama ya 6, pameandikwa T<25. Chukua tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti, uimulike saa gizani kisha uizime. Rangi ya asili ama haitawaka kabisa ama itawaka kidogo na kufa upesi. Ikiendelea kung'aa kama ya jana, imepakwa upya au kipande kimebadilishwa. Mishale na uso vinapaswa kufanana kwa jambo hili.

Mzee wa Ruwi alijibu:

Ninaongeza moja lililonifika. Marehemu ammi yangu aliniachia 5513, nami kwa kutaka kuogelea nayo nikaipeleka kwenye karakana moja ili izibwe vizuri. Ilirudi inang'ara: uso mpya, mishale mipya, kingo za kasha zimepigwa polishi mpaka zimekuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika. Uso wa zamani sikurudishiwa. Saa haikuingia maji tena, ni kweli, lakini ammi yangu hakuwa tena ndani yake, na wanunuzi niliowaonesha walitaja bei iliyonitia kizunguzungu. Ukiichukua ya zamani, andikiana na fundi kwamba vipande vyote vya asili vibaki.

Tena, kwa kuwa uko Maskati, jihadhari na mwenye kukuletea ile yenye alama ya khanjar, jambia la Kiomani. Ni kweli kwamba marehemu Sultan Qaboos aliagiza saa za Rolex zenye alama hiyo kwa ajili ya kutunuku watu, nyingi zikipitia duka la Asprey la London. Na kwa sababu zinatafutwa sana, kuna watu wanaochapisha khanjar juu ya uso wa kawaida.

Mkufunzi wa Uzamiaji, Unguja, alijibu:

Nimeshangaa hakuna aliyeigusa pete ya nje, nayo kwa mzamiaji ndiyo saa yenyewe. (Ninasema mzamiaji wa mbizi, si yule wa kujificha melini.) Pete ya 5513 huzunguka pande zote mbili. Ukiipanga kwenye dakika uliyoshuka, kisha ikagonga chupa ya hewa au kamba ya nanga, inaweza kurudi upande utakaokudanganya kwamba umekaa dakika 20 wakati umekaa 35. Pete ya 124060 huzunguka upande mmoja tu, hivyo ikisogezwa itakufanya uibuke mapema, si kuchelewa. Ninajua sote tunavaa kompyuta za mkononi siku hizi, lakini saa huvaliwa kwa ajili ya siku ambayo kompyuta imezima.

Iwapo 41 mpya haikupendezi, tafuta 14060, iliyoanza mwaka 1990: kasha jembamba la milimita 40, matundu kwenye miguu ya kasha kama ya zamani, kioo cha yakuti, mita 300 na pete ya upande mmoja. Zile za mwanzo zina tritiumu, kwa hiyo hata samli yako utaipata.

Mkaazi wa Maskati aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Jana nilirudi dukani na tochi. Uso ulibaki kimya, lakini mshale wa dakika uliwaka hadi nikaona aibu kuendelea kuushikilia. Mwenye duka alisema mfuniko haufunguliwi ila kwa mnunuzi aliyekwisha kulipa. Nimeiacha hapo. Fundi, 14060 nikiipata, niikague sehemu zipi kwanza?

Fundi Saa alijibu:

Zile zile, ukianza na mfuniko.