Ruzuku ya kurembesha majengo ya katikati ya jiji la Nairobi: sisi wapangaji tuko kwa hesabu ama tuko tu kwa notisi?

Wenye maduka ya kupanga huku River Road, Kirinyaga Road, Luthuli, Nyamakima hadi Accra Road, hebu mniambie. Kuna yeyote kati yenu ameelezwa hii habari ya ruzuku ya kukarabati sura za majengo akaielewa? Mimi nimetoka kwenye mkutano wa kuielezea nikiwa na hasira kuliko nilivyoingia.

Ilianza na notisi. Ilibandikwa kwenye mlango wa ngazi, eti jengo ni chafu, rangi imebambuka, lirekebishwe ndani ya mwezi la sivyo tukutane kortini. Wametaja Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na chini wameandika "mmiliki au mkaaji". Sasa mmiliki ni nani? Hatujawahi kumuona. Tunayemjua ni ajenti wa kuchukua kodi, na huyo ukimwambia habari ya rangi anasema atapeleka ujumbe. Basi "mkaaji" amebaki mimi, mama wa vitambaa, na vijana wa simu walio nyuma.

Ngoja niwaeleze jengo lenyewe, kwa sababu wanaotoa hizi amri huwa wanalitazama kutoka ndani ya gari. Ni yale ya zamani ya Wahindi, ghorofa mbili, mwaka wa kujengwa umechongwa kwa plasta pale juu kabisa, na nguzo za baraza bado zimesimama vizuri. Ukiweza kuona nguzo, lakini. Kuna nyaya zimefungana kama kiota, mabango ya mikesha, mabango ya waganga, na masanduku ya AC ambayo hayajafanya kazi tangu nije. Bomba la maji ya mvua limepasuka ghorofa ya kwanza. Kila masika maji yanateremka ukutani na kuacha mstari wa kijani unaofika mpaka juu ya bango langu. Paka rangi leo, mvua ya Aprili inaitoa. Fundi yeyote atakwambia uanze na bomba na paa, uje ukutani mwisho. Notisi haijataja bomba hata mara moja.

Chini, duka lililokuwa moja la tajiri mmoja limegawanywa kwa mbao na vioo likawa stoli kibao. Kila mmoja wetu alilipa gudwili, ile pesa ya kununua nafasi, kuingia, kila mmoja ana kodi yake. Ukuta wa nje ni wa nani hapo?

Tukaenda kwenye ule mkutano wa ruzuku. Bwana mmoja nadhifu akatuambia kuna wazo la ruzuku, mambo ya kisasa, kama Marekani. Tukapiga makofi, wajinga sisi. Kisha akasoma masharti: hati ya umiliki wa ardhi, cheti cha kulipa ushuru, risiti za kodi ya ardhi bila deni, mchoro uliopigwa muhuri na msanifu majengo. Halafu ulipe nusu, na hata hiyo nusu nyingine uitoe mfukoni kwanza, urudishiwe kazi ikishakaguliwa. Mama wa vitambaa akauliza, "Na mpangaji je?" Akajibiwa azungumze na landilodi wake. Ukumbi mzima ukacheka, lakini si kwa furaha.

Mimi nikaenda kusoma hayo ya Marekani, maana wanapenda kutaja mbali wakijua hatutaenda kuangalia. Ni kweli, miji yao inapata pesa za serikali kuu kwa maendeleo ya mitaa tangu sheria ya 1974, na nyingi hutenga kiasi cha kusaidia sura za maduka. Na ni kweli mara nyingi unalipa kwanza ndipo unarudishiwa. Lakini Chicago wana mfuko wa biashara ndogo ambao hata mpangaji anaomba! Hilo bwana nadhifu alilisahau.

Halafu kuna jambo la pesa kutoka wapi. Huo mfuko wa Chicago unajazwa na ongezeko la kodi ya majengo kwenye eneo husika: mtaa ukipendeza, thamani inapanda, kodi inapanda, sehemu inarudi mtaani. Sisi Nairobi kodi ya ardhi imehesabiwa miaka nenda miaka rudi kwa thamani ya kiwanja kitupu, jengo halihesabiwi, tena kwa orodha ya thamani ya 1980 iliyotumika karibu miaka 40. Nikipaka ukuta wangu dhahabu, jiji halikusanyi hata shilingi zaidi kwa sababu hiyo. Atakayekusanya ni landilodi.

Na hapa ndipo damu inanichemka. Wengi wetu tuko chini ya Sura ya 301, ile sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli. Landilodi akitaka kupandisha kodi anatoa notisi ya miezi miwili kwenye fomu ya sheria hiyo, na ukipinga mnaenda kwenye baraza la kuamua kodi za pango la biashara. Sasa fikiria: nimechanga rangi, nimelipa fundi, nimelipia kibali cha jukwaa la mafundi kukaa juu ya njia ya miguu, nimefunga duka wiki ya mauzo kwa sababu ya vumbi. Ukuta ukishang'aa, ajenti analeta fomu: mtaa umepanda hadhi. Pesa ya umma na jasho langu vimegeuka sababu ya kunifukuza.

Msiniambie jiji halijawahi kutumia pesa kujipendezesha. Luthuli ilifanyiwa kazi 2019 pamoja na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, barabara ikapunguzwa, njia ya miguu ikapanuliwa. Nilifurahi, na bado nafurahi nikipita. Ila kazi iliishia chini. Inua macho uone kuta. Na zile ruzuku za miji za Benki ya Dunia zilizopitia kaunti 45? Nairobi na Mombasa hazikuwemo.

Wanaopaka kuta za huku bure ni kampuni za simu na soda. Wanakuja na ngazi asubuhi, jioni umekuwa kijani au mwekundu. Kisha unaambiwa hiyo si rangi, ni tangazo, ulipie ada. Kwa hivyo ukuta mchafu ni kosa, na ukuta uliopakwa nao ni bili.

Mimi sipingi ruzuku. Nataka mpangaji aombe mwenyewe kwa idhini ya maandishi ya landilodi. Fundi alipwe kwa awamu moja kwa moja, si mimi nikope kwa chama chetu cha akiba nikisubiri ukaguzi. Bomba, paa na nyaya zitangulie rangi. Na jengo lililopokea pesa ya umma kodi yake isiguswe kwa miaka kadhaa, iandikwe kwenye mkataba na landilodi atie sahihi kabla ya debe la kwanza kufunguliwa. Asipotaka kutia sahihi, apake kwa pesa zake, na notisi imfuate yeye.

Aliyepata notisi kama yetu aseme hapa ni mtaa gani, na kama imeandikwa jina la mmiliki ama imeandikwa "mkaaji" tu. Picha ya notisi itasaidia, fichueni tarehe lakini futeni majina na namba za simu. Kuna wakili amekubali kuzisoma zote pamoja, na muda wa yetu unayoyoma.