Mjadala: Kuuliza michango ya shule nako ni kukosa staha?

Wakuu, kwenye grupu letu la wazazi mama mmoja aliuliza: hela ya uji na mitihani tuliyochanga muhula uliopita imetumikaje? Hakutukana wala kumtaja mtu. Admin akajibu, "Jamani, tusilete siasa humu." Dakika chache baadaye swali lilikuwa limefutwa, na mwenye kulifuta ni mama mwenyewe. Wazazi karibu wote tulikuwa tumelisoma, na hakuna aliyemuunga mkono.

Woga huu una historia. Julai 2018 Twaweza, shirika lisilo la kiserikali, walitoa matokeo ya Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni ya watu: waliosema wanaridhishwa na utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, wakawaandikia wajieleze kuhusu kibali cha utafiti. Septemba Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu: kutoa takwimu zinazokanusha za serikali ikawa kosa, kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua milioni 10. Juni 2019 makali hayo yakaondolewa. Sheria ikalegezwa, lakini sisi tumeendelea kujibana kana kwamba bado ipo, hadi kwenye hesabu za uji!

Najua kuna watakaosema staha ndiyo malezi yetu. Nakubali kabisa kwamba matusi, ukabila na kejeli za dini havina nafasi, na anayevikemea namuunga mkono. Ila kudai mapato na matumizi ni tusi kwa nani? Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, haikusema maoni matamu tu.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya mtumishi wa umma. Ana watoto, ana mkopo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 bado ina kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo. Huyo akikaa kimya simlaumu. Ninaowalaumu ni sisi tusio na cha kupoteza, tunaomwambia mwenzetu "acha siasa" kabla hata hajatishwa na yeyote.

Walimu, wauguzi, watendaji wa kata, semeni ukweli wenu: ni swali gani mmewahi kuliandika mkalifuta, na mlikuwa mnamuogopa nani hasa, serikali au wenzenu?