Tupeane uzoefu: uliwahi kutilia shaka rehema au hekima ya Mungu? Ilikuwaje?

Kijana wa Turubai (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Hapa sitaki tubishane kama Mungu yupo au hayupo, nyuzi hizo zimejaa na zote huishia kwenye matusi. Namtaka yule anayeamini kabisa kuwa yupo, ila kuna siku alijiuliza: huyu kweli ni mwenye huruma? Na hili alilolifanya lina hekima gani?

Naanza mwenyewe. Mdogo wangu wa kike alifariki akijifungua, kichanga kikamfuata kesho yake. Msibani kila aliyeshika kipaza sauti, kuanzia mwenyekiti wa mtaa hadi mchungaji, alisema "kazi ya Mungu haina makosa". Na sisi ndugu tulikuwa tunajua kwamba kule alikolazwa damu haikuwepo na gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Makosa yalikuwepo, ya watu, tena tunawafahamu. Nikaona tunamsingizia Mungu ili tusigombane na majirani. Halafu likaja swali la pili ambalo hadi leo halijanitoka: kama haikuwa kazi yake, basi alikuwa anatazama tu?

Karibuni. Mahubiri tuyaache kwanza.

Mama T

Mwanangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi na baba yake wote ni AS, yaani tumebeba asili ya ugonjwa bila kuugua, na hatukujua hadi mtoto alipovimba vidole vya mikono na miguu akiwa hajatimiza mwaka. Kliniki walituchorea kwenye karatasi: kila mimba, uwezekano wa kumpata mwenye SS, yaani mgonjwa mwenyewe, ni robo.

Hesabu nilielewa. Kilichonivuruga ni siku nilipomuuliza daktari kwa nini ugonjwa huu umetujaa sisi. Akasema mwenye AS malaria kali haimpati kirahisi, kwa hiyo karne na karne watu wa namna hiyo walinusurika, wakazaa, wakaturithisha. Shemeji yangu nilikuwa naye pale, akapiga makofi: "Unaona hekima ya Mungu! Katuwekea kinga ndani ya damu!"

Mimi nilikuwa nimempakata anayeilipia hiyo kinga. Ndugu zake wakingwe na mbu, yeye mifupa imuume usiku kucha hadi sauti ya kulia inakauka, anabaki kung'ata khanga yangu. Na hapo hata hiyo kinga haimhusu, mwenye SS akipata malaria ndiye anaweza kuondoka haraka kuliko wenzake. Aliyeumba mbingu na nchi alishindwa kumwondoa mbu? Nisameheni, ila nililiwaza hivyohivyo.

Nikaenda kitubio nikijua naungama dhambi. Padri akasema hiyo si dhambi, kasome Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio mwisho wake ni sifa. Hii inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna hata mstari mmoja wa shukrani pale mwishoni. Jamani nilifurahi! Kumbe kuna mtu alimwambia Mungu maneno yale na waliofuata hawakuyafuta.

Sasa hivi mtoto anatumia haidroksiyurea na maumivu yamepungua mno. Kila nikimpa dozi nasema asante. Namshukuru Mungu au waliotengeneza dawa? Wote, wagawane.

Nesi wa Usiku

Wodi ya njiti, vitanda viwili vimekaribiana. Mama wawili, wote wamevaa rozari, wote wanasali kila baada ya kunyonyesha kwa mrija. Mmoja mtoto akapona. Wachungaji na ndugu wakaja, ushuhuda ukatolewa palepale, "Mungu ni mwema!", vigelegele. Yule wa pili alikuwa anakunja vitenge vyake kwenye mfuko, mwanawe katangulia alfajiri.

Naamini bado. Ila ushuhuda kwa sauti siku hizi siuwezi.

Mtumishi

Mbona Ayubu alivumilia akarudishiwa mara mbili? Tatizo letu tunakata tamaa mapema.

Nesi wa Usiku

Mtumishi, rudi usome taratibu. Kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000. Watoto 10 waliokufa hawakurudi, alipewa wengine. Muulize mama yeyote wodini kwangu kama hayo ni malipo. Na wale rafiki watatu waliokuwa wanamtetea Mungu kwa maelezo marefu, mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakemea wao, na kusema Ayubu ndiye aliyenena sawa.

Sijui Bado

Mimi kwenye imani nilishatoka. Niko upande wa Malindi. Mwaka 2023 kule msitu wa Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu waliohubiriwa wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu, watoto wakiwemo. Wale walikuwa na imani kunishinda mara mia. Kama kuna mahali sala ya mtoto mwenye njaa ilipaswa kujibiwa, ni pale. Mazishini nahudhuria na nyimbo naimba, sitaki kumuumiza mama. Zaidi ya hapo sina.

Mwalimu wa Chuoni

Asalaam alaykum. Mie nasomesha watoto chuoni, yaani madrasa, nao hawana adabu ya kuficha shaka. Tulikuwa kwenye Suratul Kahf, kisa cha Nabii Musa na Khidhri, yule mja wa Mungu aliyetenda mambo ya ajabu mbele yake na kumweleza sababu mwishoni: jahazi likatobolewa, kijana akauliwa, ukuta ukasimamishwa. Nikaeleza kama tulivyosomeshwa, kwamba yule kijana angekuja kuwatesa wazazi wake waumini kwa uasi na ukafiri. Mwanafunzi mmoja, alokuwa kafiwa na kaka yake bahari ilipochafuka, akanyosha kidole: "Basi Firauni mbona hakuuliwa mdogo?"

Darasa likanyamaza wakinitazama. Nami hilo nililibeba tangu ujana, sikuthubutu kulisema.

Ninachokiona ni hiki. Musa ni Nabii, na alishindwa kusubiri mara tatu, na mbele yake alikuwapo wa kumfunulia sababu. Sie hatuna Khidhri wa kukaa naye jioni akatueleza. Na Ibrahim alipoomba aonyeshwe wafu wanavyohuishwa, akaulizwa kwani huamini, akajibu naamini, lakini moyo wangu utulie. Hakupigwa radi. Basi mtoto wa darasa la tano nimpige fimbo mie?

Mama T

Mwalimu, ulimjibu nini sasa?

Mwalimu wa Chuoni

Nilimwambia sijui. Baba yake akaja juu, anadhani namharibia mtoto dini. Tukakaa barazani tukazungumza hadi Isha, na kumbe naye ana lake la huyo marehemu, hakuwahi kulitoa kwa mtu. Mtoto anakuja chuoni kama kawaida. Sasa kahamia kwa Nabii Nuhu, anataka kujua wanyama walioachwa nje ya safina walikosa nini.