Pikapu mpya inavuta kulia, karakana ya walioniuzia wanasema "hizi ndivyo zilivyo"

MamaVifaranga
Wakuu salaam. Nina ugomvi na watu walioniuzia gari, nataka kujua kama nina haki au nina kelele tu.

Ni pikapu ya kabini mbili, niliichukua mpya kwa wakala wa Dar (jina nalihifadhi). Dhamana ni miaka 3 au kilomita 100,000, na sasa haijafika hata 10,000. Kazi yake ni kupeleka vifaranga Morogoro kutoka Kibaha. Tangu siku za mwanzo, ikifika mwendo wa 70 hivi inavuta kulia. Mjini huwezi kusikia kitu. Ila ukishaipita Mlandizi, barabara ikafunguka, lazima uukabe usukani kuelekea kushoto muda wote, na ukiuangalia umekaa upande kama kofia ya mlevi wakati gari inakwenda mbele. Nikilegeza mikono inaanza kuhamia kwenye njia ya malori yanayotoka Chalinze. Nikifika Msamvu mabega yamekufa.

Nikaipeleka karakana yao. Kijana wa mapokezi, mwenye adabu zake na shati limenyooshwa, akaandika kwenye kadi ya kazi: "Mteja analalamika usukani." Nikamwambia andika inavuta kulia kuanzia mwendo wa 70. Akatabasamu, akaacha vilevile. Jioni kadi ikarudi: "Imejaribiwa, hakuna tatizo." Nikaangalia dashibodi, kilomita zimeongezeka 2. Foleni ya Dar saa kumi jioni, hiyo 70 waliipata barabara gani?

Nilivyorudi majibu yakaanza kubadilika. Kwanza "barabara zetu zimeinama, mama". Halafu "hizi pikapu ndivyo zilivyo". Mwisho kabisa "tukufanyie alaimenti (kupima na kuweka sawa mkao wa magurudumu), lakini haimo kwenye dhamana, utalipia". Sasa kama hakuna tatizo, alaimenti ya nini?

Niwabane vipi watu hawa?

FundiWaKona
Dada, hapo kwenye barabara kuinama wamejiumbua wenyewe. Ni kweli barabara hujengwa katikati ikiwa juu ili maji yashuke pembeni. Lakini sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwinamo unaipeleka gari kushoto, kwenye majani. Ya kwako inapanda kilima kwenda kulia. Barabara haifanyi hivyo.

Kabla hujarudi kwao, maliza vitu vidogo ili wasipate pa kujifichia. Pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, yawe sawa kushoto na kulia. Kisha badilisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, mradi hayana mshale ubavuni unaolazimisha upande. Kama sasa inavuta kushoto, kosa ni la tairi. Kama bado inavuta kulia, tairi limeachiwa huru. Tatu, endesha kitambo bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na rimu za mbele (usiguse!). Ya kulia ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kalipa, kile kibanio cha breki, imeng'ang'ania.

Kama zote ziko salama, nenda gereji yenye mashine ya alaimenti ya kompyuta, waambie wapime tu, WASIREKEBISHE, na wakuchapie karatasi. Watu hukimbilia kutazama kama matairi yanaangalia ndani au nje. Hilo linakula tairi na kupindisha usukani, lakini mara chache ndilo linalovuta. Wewe angalia kasta, yaani jinsi mhimili wa kugeuzia gurudumu la mbele ulivyolala kuelekea nyuma. Gari huvuta upande wenye kasta ndogo.

Bodaboda_Mstaafu
Mama na makreti je? Usije ukawa umepakia upande mmoja halafu unamsingizia mzungu wa kiwandani.

MamaVifaranga
Makreti yanapangwa kushoto na kulia sawa, mwanangu, vifaranga wakibanana wanakufa. Na inavuta hata ikirudi tupu.

KaraniWaMadai
Nimekaa miaka mingi ofisi ya madai, nakwambia shida yako kubwa ni hiyo kadi ya kazi. Mbele ya mtu wa tatu, ulichosema kwa mdomo hakipo, na kadi inasema mteja analalamika usukani, hakuna tatizo. Siku nyingine usisaini kadi mpaka imeandikwa maneno yako. Akikataa, andika mwenyewe kwa kalamu juu ya saini yako, "inavuta kulia kuanzia mwendo wa 70, ikiwa na mzigo na bila mzigo", na uipige picha.

Kisha barua kwa meneja wa huduma, nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba mambo mawili tu. La kwanza, fundi wao aendeshe mwenyewe, wewe ukiwa pembeni, barabara ya mwendo. La pili, siku hiyohiyo aendeshe pikapu yao nyingine ya aina hiyo kipande kilekile. Kama "ndivyo zilivyo", nayo itavuta.

Kuhusu alaimenti, soma kitabu cha dhamana. Mara nyingi marekebisho hulipiwa na mtengenezaji kipindi kifupi cha mwanzo tu, na ukilalamika ndani ya muda huo tarehe ya kadi ya kwanza inakulinda. Wakiendelea kuzungusha, peleka faili Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamgusa mlaji pia.

MamaVifaranga
Nimerudi na habari. Matairi tumebadilisha, bado kulia. Rimu zote vuguvugu sawa. Karatasi ya mashine ninayo: kasta ya kulia iko chini ya kiwango kilichochapishwa pembeni, ya kushoto iko ndani ya kiwango.

Barua ilipogongwa muhuri, adabu ziliongezeka, nikapewa na soda. Tulitoka na fundi wao mkubwa, mzee mmoja msema kweli. Pikapu yao ilikwenda kama reli. Kwenye yangu aliachia usukani, akaurudisha haraka, akasema "eh". Hilo "eh" nililitaka liandikwe kwenye kadi, na limeandikwa, kwa maneno marefu zaidi.

Sasa wanasema watarekebisha bure kwenye bolti za lowa ami, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu. Nikubali?

FundiWaKona
Kubali, lakini waandike vipimo vya kabla na vya baada. Bolti zikifika mwisho kabla kasta haijaingia kwenye kiwango, kuna kitu kimepinda au kimekaa vibaya tangu kiwandani, na hapo unadai wakague ami, kile chuma cha "nako" kinachobeba gurudumu, na mahali ami inapofungwa kwenye chesisi. Usiichukue gari bila kuipeleka tena Mlandizi, na huyo mzee ndiye aendeshe.