Nimemaliza shahada lakini cheti kimeshikiliwa. Nianze kulipa ada gani?

MwanaKibuye, Kisumu

Habari zenu. Naomba ushauri wa haraka, maana orodha ya wanaohitimu inafungwa Ijumaa.

Nilimaliza Ualimu (Kiswahili na Historia) mwezi Agosti katika chuo kimoja huku kwetu magharibi. Mitihani yote nimepita. Tangu hapo nazunguka na fomu ya kuklia, ya kuonyesha sina deni chuoni, yenye visanduku kumi na kimoja: idara, maktaba, hosteli, michezo, zahanati, mpaka uhasibu. Kila kisanduku kinataka muhuri wake. Nimepata tisa. Jumanne nilinyeshewa nikiwa kwa boda, muhuri wa michezo ukachujuka wino hata hausomeki, na karani akaniambia nikaanze upya hapo.

Maktaba wanasema nilipoteza kitabu cha historia ya Afrika Mashariki, faini 1,800. Kitabu hicho nilikirudisha mwaka wa tatu kwa mikono yangu mwenyewe. Uhasibu wanasema nina salio la karo 8,600. Halafu ada ya mahafali pamoja na joho ni 6,500. Jumla 16,900. Nisipolipa jina haliingii kwenye orodha, na jina lisipoingia sipati cheti.

Mama anauza omena sokoni Kibuye. Wiki jana zamu yake ya chama cha kuchangiana pesa ilifika, akapata 15,000 na kunipa zote, noti za hamsini na za mia zimefungwa kwenye pindo la leso, zinanukia samaki. Najua alikuwa amepanga kwenda Usenge kununua magunia ya kuuza mwezi mzima. Sasa anauza kwa gorogoro, mikebe ya kupimia, anazokopeshwa na jirani yake wa kibanda.

Kuna shule upande wa Seme ambako mwalimu mkuu ameniahidi nafasi ya BOM, yaani kuajiriwa na bodi ya shule yenyewe, Januari, shilingi 12,000 kwa mwezi. Anataka namba ya TSC, tume ya walimu. TSC nao wanataka cheti.

Je, nilipe salio tu na mahafali niache? Na hizi karatasi nyingine, cheti cha maadili mema cha polisi, HELB ya mkopo wa masomo, CRB ya rekodi ya madeni, KRA ya kodi, nizilipie sasa au zisubiri? Mtu aliyepitia aniambie alivyofanya.

Mzee wa Risiti, Kakamega

Binti yangu, nimekaa nyuma ya dirisha la uhasibu la chuo miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Usilipe hata shilingi kabla hujapewa taarifa ya karo ya miaka yote minne iliyochapishwa. Usikubali salio la kusomewa kwenye kompyuta. Keti nayo, uweke risiti zako kando, ulinganishe muhula kwa muhula. Mara nyingi nilikuta pesa ya mwanafunzi ilipita benki ikaingia kwenye namba ya usajili ya mwingine kwa sababu tarakimu moja ilikosewa. Pesa ipo, ila haiko kwake.

Pili, tafuta pesa ya dhamana uliyotoa mwaka wa kwanza, ile wanafunzi huita kosheni. Hiyo ni yako. Huwekwa kwa ajili ya vitu vitakavyovunjika au kupotea, na usipokuwa na deni la vitu unastahili kurudishiwa. Wengi huondoka bila kuiulizia. Andika barua fupi uombe ikatwe kwenye salio.

Kuhusu kitabu, usibishane na karani wa dirishani. Mwombe msimamizi wa maktaba aende nawe rafuni na namba ya kitabu mkononi. Vitabu vinavyorudishwa bila kuingizwa kwenye mashine huwa vimekaa pale pale rafuni.

Section58, Nakuru

Dada, kwa hizo karatasi za serikali nakuambia yaliyonipata. Mwaka 2019 nilizikusanya zote kabla sijaitwa na mtu yeyote. CRB pekee ilinila 2,200. Hakuna aliyeitazama, na kazi ilipokuja zilikuwa zimepitwa na wakati, nikaanza tena.

Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022. Mwajiri hafai kukudai hizo hati za kuidhinishwa kabla hajaamua kukupa mkataba wa maandishi. Kwa hiyo CRB na ile ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, ziache mpaka uitwe.

Cheti cha maadili mema hicho kifanye, kwa sababu TSC watakitaka. Ni 1,050 kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Fomu ya C24 ya alama za vidole ichapishe mbele na nyuma ya karatasi moja. Mimi niliichapisha kwa karatasi mbili, nikapanga foleni Huduma Centre tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikafika mbele nikarudishwa.

KRA ndiyo nakuomba uiangalie leo usiku. PIN ya kodi uliichukua ulipoomba mkopo, sivyo? Tangu siku hiyo unatakiwa kuwasilisha ritani, taarifa ya mapato yako, kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hujapata senti. Ukikosa, faini ni 2,000 kwa kila mwaka. Mdogo wangu alikuta 6,000 zinamsubiri na hajawahi kuajiriwa. Ingia iTax, tovuti ya KRA, uone.

HELB wanakupa mwaka mmoja baada ya kumaliza kabla ya kuanza kulipa, riba ni asilimia 4. Ukishindwa, faini ni 5,000 kila mwezi. Wakati huo ukifika na huna kazi, waandikie, usinyamaze.

Mwalimu wa Luanda

Mahafali usiache, mdogo wangu. Chuo nilichosoma mimi, ambaye hakuhudhuria alilipa ada ile ile, joho tu ndilo hakuvaa. Uliza chuoni kwako kabla hujaamua kwamba utaokoa kitu.

Na mwombe msajili barua ya kumaliza masomo. Mwalimu mkuu wangu aliipokea hiyo barua, nikafundisha muhula mzima nikisubiri cheti. Usajili wa TSC ni 1,055, na andaa mapema fomu ya afya ya GP69, ijazwe na daktari wa hospitali ya serikali.

Joho ukishapiga picha lirudishe siku hiyo hiyo. Mimi nililipishwa 500 kwa kila siku niliyochelewa.

MwanaKibuye, Kisumu

Nimerudi. Mzee wa Risiti, Mungu akubariki sana. Kitabu tumekikuta. Msimamizi alipanda kwenye kistuli, akakitoa rafu ya juu, vumbi likamwagika, na ndani ya jalada la nyuma tarehe ya kukirudisha imegongwa muhuri wa mwaka wa tatu. Nilishindwa kujizuia, nikalia pale pale. Ile 1,800 imefutwa.

Kosheni ilikuwa 3,000. Wameikata kwenye salio, nikalipa 5,600. Mahafali nimelipa 6,500, kwa sababu hata kwetu asiyehudhuria anatoa hizo hizo. Jumla 12,100. Zimebaki 2,900, ambazo zinatosha maadili mema na TSC, na 795 juu ya nauli na picha za pasipoti.

Section58, KRA nilikuwa nimekosa mwaka mmoja. Hizo 2,000 nitazitafuta kwa kufundisha watoto wa Nyalenda wakati wa likizo, wazazi watatu wameshakubali.

Jina langu liko kwenye orodha, nimeliona kwa macho yangu. Barua ya kumaliza naichukua Jumatatu, halafu naipeleka Seme siku hiyo hiyo. Mama ameuliza joho ni la rangi gani, anatafuta kitambaa cha kichwa cha kufanana nalo.