Naomba ushauri: mshikio wa raba au wa mbao kwa bastola ndogo ya silinda?

Mnunuzi_wa_Kahawa (Mbale):
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Nina bastola ya silinda, Smith & Wesson Model 36, ile ndogo ya risasi tano, .38 Special, mtutu mfupi. Kibali ninacho, polisi wananijua, kwa hiyo tusianzie huko. Shida yangu ni mkono. Ilikuja na mbao zake za kiwandani, nyembamba, zimechongwa vimraba vimraba ili zisiteleze. Nikienda kiwanja cha shabaha, nikifika risasi ya kumi kidole cha kati kinawaka moto. Kile chuma kinachozunguka kifyatulio kinarudi nyuma na kunigonga kwenye fundo la kidole, na vile vimraba vinaniparura kiganja. Kidole chenyewe kiliwahi kubanwa na mashine ya kumenyea kahawa mwaka juzi, hakijawahi kurudi sawasawa.

Rafiki mmoja anasema nitafute raba. Mwingine anasema raba ni ya watu wasiojua kushika, niende na mbao nene. Nimechoka kuwasikiliza. Nyinyi mliotumia mnasemaje?

Kijana_wa_Bweyale:
Raba. Uzi ufungwe.

Afande_Mstaafu (Jinja):
Kijana, usifunge uzi ambao hujausoma.

Mzee wa kahawa, soma tena ulichoandika. Umesema chuma kinagonga fundo la kidole cha kati. Hilo si suala la raba wala mbao. Tazama bastola yako kwa ubavu: nyuma ya kikingio cha kifyatulio, pale kinapoungana na mshikio, kuna nafasi tupu. Mbao za kiwandani haziijazi. Kidole chako cha kati kinaingia humo, na bastola ikipiga teke kikingio kinakishukia kama nyundo. Unaweza kununua raba laini kuliko zote duniani, kama haijazi nafasi hiyo utaendelea kulia vilevile.

Wamarekani waliliona hilo zamani sana, wakatengeneza kipande kidogo cha chuma kiitwacho Tyler T-Grip kinachokaa hapo tu, mbao zako zikabaki zilezile. Kikubwa ni nafasi ijazwe, kwa kitu chochote.

Jambo la pili. Bastola hiyo ya chuma ina uzito wa nusu kilo na ushee tu. Kitu chepesi hupiga teke zaidi, hakuna mshikio utakaobadilisha hilo. Kwa mazoezi tafuta risasi za kichwa bapa za greni 148 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), ni za upole. Zile kali acha kwa siku ya kupima tu.

Binti_Malaba:
Afande amesema kweli ila ameongea kama mtu mwenye mkono wa kubebea magunia. Mimi nilikuwa kazini miaka kadhaa na mkono wangu ni mdogo, kwa hiyo nitaongeza upande wa pili.

Raba nyingi nene hufunika mgongo wa mshikio, yaani ule ukingo wa chuma unaokaa kati ya gumba na kidole cha shahada. Ni tamu kwelikweli, teke linafika kiganjani likiwa limechoka. Lakini raba ile inasogeza mkono nyuma, na kifyatulio kinakuwa mbali. Niliwekewa moja ya namna hiyo, nikawa nafikia kifyatulio kwa ncha ya kidole, navuta na bastola nzima inapinda kushoto. Nikadhani macho yangu yameharibika. Siku nilipotoa raba ile, shabaha ilirudi.

Mzee, jipime hivi. Toa risasi zote, hesabu tano mezani, angalia tena vyumba vyote vya silinda. Kisha shika bastola mtutu ukiwa umenyooka na mfupa wa mkono wako, uelekeze mahali salama. Kidole cha shahada kikifika kwenye kifyatulio kwa ile nyama ya juu, katikati ya pingili ya mwanzo, una nafasi ya kuongeza unene nyuma. Kikifika kwa ncha, usiguse mgongo. Jaza mbele tu.

Mnunuzi_wa_Kahawa:
Afande, nimeangalia, nafasi ipo kweli, kidole kinaingia kama kwenye tundu la panya. Dada wa Malaba, asante sana. Nimepima, kidole kinafika kwa ile nyama ila kwa shida. Sina mkono mkubwa.

Sasa swali: hizo raba zinazotajwa, za kampuni za Hogue na Pachmayr, naona mtandaoni wanaandika ya J, ya K. Ni nini?

Afande_Mstaafu:
Ni ukubwa wa fremu, yaani kiunzi cha chuma cha bastola. Model 36 ni fremu ya J, ile ndogo. K ni ya zile za kati kama Model 10, ambayo polisi wa nchi nyingi walibeba. Mshikio wa K hauingii kwenye J hata ukiupigia magoti. Halafu J za zamani ziko za kitako cha mviringo na za kitako cha mraba, uangalie yako ni ipi kabla ya kulipa shilingi. Na mtu asikudanganye kwamba Taurus 85 ni pacha wake kwa hiyo mshikio utaingia. Zinafanana usoni tu.

Hogue ya kipande kimoja inaingia kutoka chini kama soksi, inashikwa na kikuku cha chuma na skrubu moja kitakoni. Imechongwa mabonde ya vidole. Mabonde hayo yakilingana na vidole vyako utaipenda, yasipolingana yatakuwa matuta. Hayo huwezi kuyajua kwa picha.

Mtoto_wa_Polisi (Tororo):
Mmenikumbusha baba mkubwa, alikuwa polisi kabla ya uhuru. Alikuwa akituhadithia Webley, ile inayokunjuka katikati kama bunduki ya kuwindia ndege, maganda yote yanaruka kwa mpigo. Alisema kamba yake ya shingoni ilikuwa inauma kuliko mshikio.

Kijana_wa_Bweyale:
Mzee wa Tororo, tuko kwenye raba.

Mtoto_wa_Polisi (Tororo):
Haya, raba. Swali langu kwa afande: nikibadilisha mshikio, zile alama za silaha ambazo polisi walichukua haziharibiki? Tangu Rais alipoliambia Bunge mwaka 2018 kwamba bunduki zote zichukuliwe alama, mimi naogopa hata kuifuta yangu vumbi.

Afande_Mstaafu:
Ifute vumbi, ndugu yangu. Alama ile ni mikwaruzo ambayo mtutu unaiacha kwenye risasi, na ile ambayo pini inayogonga risasi inaiacha kwenye ganda. Mshikio haugusi chochote kati ya hivyo.

Lakini umenikumbusha jambo la maana kuliko swali lenyewe. Kwenye Smith & Wesson nyingi za namna hii, namba ya silaha imepigwa chini ya kitako. Mbao za kiwandani zinaiacha wazi. Raba ya soksi inaifunika. Siku ya kuhuisha kibali ofisa anataka kuisoma namba, na wewe unaanza kutafuta bisibisi huku foleni ikikutazama.

Binti_Malaba:
Hilo la namba limenipata! Nilikaa benchi saa nzima kungoja bisibisi ya mtu wa umeme.

Na kingine kuhusu raba, mzee: kama unabeba chini ya shati, raba inanata kitambaa. Ukiinama kuchukua gunia na ukiinuka, shati linabaki juu ya mshikio na soko zima linajua una nini kiunoni. Mbao laini inateleza, shati linarudi mahali pake.

Mvua_za_Elgon (Kapchorwa):
Na unyevu jamani. Huku kwetu mvua zikianza Machi hakuna kinachokauka. Niliacha raba kwenye bastola msimu mzima, nilipoifungua nikakuta kutu ya rangi ya karoti pale ambapo jasho na maji vilijificha. Raba haina kosa, kosa ni langu. Lakini yeyote anayeweka raba aifungue kila mwezi, apanguse chuma, apake mafuta kidogo sana, kisha airudishe. Mafuta mengi nayo huifanya raba fulani ilegee na kunata.

Seremala_wa_Ndeeba:
Nilikuwa nasoma kimya nikingoja mtu ataje mbao za hapa kwetu, naona wote mnaagiza Marekani.

Mimi kazi yangu ni milango na vitanda, ila nimetengeneza mipini ya visu na ya tupa mingi tu. Mzee, mbao ya mshikio inatakiwa iwe ngumu, isipasuke kwenye tundu la skrubu, na nyuzi zake ziende kwa urefu wa mshikio. Nyuzi zikikatiza, itapasuka siku ya kwanza ya kukaza. Mvule watu wanaupenda, lakini una mambo mawili: vumbi lake linawasha ngozi na kifua, na mara nyingine ndani yake kuna mawe meupe ya chokaa yanayoua makali ya patasi. Mpingo ni mfalme, mzito hadi unazama majini, ila kuuchonga ni adhabu. Mimi ningekupa mpera. Watoto wanaufanyia panda za manati kwa sababu haupasuki. Mgumu, nyuzi zimebana, unang'aa ukisugua.

Ila usinunue mbao leo na kuchonga leo. Mbao nyingi sokoni zimekatwa juzi. Mbichi itajikunja na kuacha mwanya. Ikae ndani, si juani, miezi kadhaa.

Niletee bastola nipime, kazi ya siku mbili.

Binti_Malaba:
Fundi, hapo hapana! Kibali ni cha jina la mzee, si lako. Silaha haiachwi karakana.

Seremala_wa_Ndeeba:
Samahani afande dada, sikufikiri. Basi ni rahisi zaidi ya hivyo. Mzee afungue mbao zake mbili za zamani nyumbani, alete hizo tu. Upande wa ndani tayari unalingana na chuma, nauiga kama ulivyo, pamoja na tundu la skrubu na lile la pini ndogo ya chini. Upande wa nje nautia unene anaoutaka. Kwa ile nafasi ya mbele, achukue udongo wa mfinyanzi, abandike kwenye bastola tupu, ashike kama anavyoshika, kisha aubandue taratibu. Alama ya kidole chake ndiyo ramani yangu.

Afande_Mstaafu:
Fundi huyu apewe chai.

Ongezea: vimraba usichonge. Mbao laini inauacha mkono ukae mahali pake, vimraba vinakula ngozi. Na rangi ya vanishi epuka, dawa ya kujipaka ya mbu inaila. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa yanatosha, mara tatu nne, kila tabaka likauke.

Seremala_wa_Ndeeba:
Na vitambaa vya mafuta hayo msivikunje na kuvitupa kwenye kona. Vinajipasha moto vyenyewe hadi vinawaka. Vitandaze nje vikauke.

Boda_Mstaarabu (Busia):
Mimi nimeshangaa hakuna aliyesema tyubu ya baiskeli. Kata kipande kama upana wa vidole vitatu, kivike juu ya mbao. Bei ya soda.

Mnunuzi_wa_Kahawa:
Nimecheka, kisha nikaenda nikakata tyubu kuukuu. Kaka wa Busia, viganja vimepona! Kidole cha kati bado kinagongwa, kama afande alivyotabiri, kwa sababu tyubu haijazi ile nafasi. Lakini sasa nimejua maumivu yalikuwa mawili tofauti.

Nimeamua mbao. Namba ibaki wazi, shati lisinate, mgongo usiongezeke. Fundi wa Ndeeba ni mbali, nimempata mmoja hapa Mbale ana kipande cha mpera kilichokaa darini tangu mwaka jana. Nimempelekea mbao za zamani na udongo ndani ya kopo la Blue Band.

Mnunuzi_wa_Kahawa (wiki tatu baadaye):
Nimerudi. Nimefyatua thelathini jana, kidole kimya. Nimezoea kungoja maumivu hadi nikawa nafumba jicho bila sababu. Mbele pamejaa vizuri, kidole kinakaa kwenye kitanda chake.

Kasoro moja: nikifungua silinda na kusukuma maganda, mawili yanakwama kwenye mbao ya kushoto, pale juu. Ni kosa la fundi au la kwangu?

Afande_Mstaafu:
La kwenu wote, na langu kwa kusahau kulisema. Mbao ya kushoto lazima iwe nyembamba juu, nyuma ya silinda, ili maganda yapite na risasi mpya ziingie. Angalia ile ya zamani utaona. Tupa ya nusu mviringo, kidogo kidogo, unajaribu na maganda matupu.

Mnunuzi_wa_Kahawa:
Nimeilinganisha na ile ya zamani, kweli tumeacha milimita tatu hivi. Nimemrudishia ya kushoto peke yake. Kasema Jumanne.