Kuendesha pampu za maji ya mvua kutoka mbali: modemu peke yake inatosha?

Boya_la_Juu
Wakuu, naomba ushauri. Vituo ni 6, kila kimoja kina pampu 2 za kuzamishwa za kilowati 22, volti 400, zinawashwa kwa staa-delta (njia ya kupunguza umeme unaovutwa mwanzoni). Kwa sasa mtu huzunguka na gari kuziwasha na kuzizima kwa mkono, na mvua kubwa ikija barabara hazipitiki. Wazo lililopo ni kufunga modemu ya laini ya simu kila kituo, halafu ofisini pawe na skrini moja ya kuwasha na kuzima. Inatosha? Na sensa gani ya kina cha maji inavumilia tope na mifuko ya plastiki?

FundiPaneli
Mkuu, haitoshi. Pampu isisubiri amri ya ofisini. Mvua inayojaza chemba (shimo la kukusanyia maji) ndiyo hiyohiyo inayokata umeme na kuzima minara ya simu. Kuwasha na kuzima iwe kazi ya PLC ndogo (kompyuta ya kuendeshea mitambo) iliyo palepale kwenye paneli. Mtandao uwe wa kuona hali, kupokea kengele na mara chache kuingilia kati.

Halafu weka kinga ya pili isiyopita kwenye PLC: maboya mawili ya swichi, la juu na la chini, yaliyoungwa kwa waya hadi kontakta (swichi kubwa inayoipa pampu umeme) kupitia relei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme). PLC ikiganda, boya la juu linawasha na la chini linazima kabla pampu haijanyonya hewa. Kila pampu iwe na taima yake, sekunde 5 kwa ya kwanza na 20 kwa ya pili, zisivute umeme kwa pamoja hasa unaporudi baada ya kukatika. Ovalodi (kinga ya mota isizidiwe) na relei ya kulinda fezi zibaki kwenye saketi hiyo pia.

Swichi ya mlangoni mwa paneli, yenye nafasi za "mkono", "zima" na "otomatiki", usiiondoe, ila nafasi yake ionekane ofisini. Kituo "kisichojibu" mara nyingi ni mtu tu aliyeiacha kwenye zima.

KinaKirefu
Kuhusu sensa: ya mawimbi ya sauti ni rahisi kufunga, lakini povu, mvuke na utando wa buibui huidanganya. Rada ni bora, kama chemba haina ngazi na mabomba mbele yake. Ya shinikizo ya kuzamishwa inafaa ukiiweka ndani ya bomba la PVC lenye matundu, kama sentimita 20 juu ya sakafu ili tope lisiifukie. Ndani ya kebo yake mna kijibomba cha hewa. Unyevu ukiingia humo vipimo vinayumba, kwa hiyo mwisho wake uwekwe kwenye kisanduku chenye vidonge vya kukausha unyevu.

Sensa ya mita 0 hadi 5 inatoa miliampea 4 kwenye sifuri, 12 kwenye mita 2.5 na 20 kwenye mita 5. Ikishuka chini ya 3.6, hiyo ni waya umekatika au sensa imekufa. Chemba haijawa tupu! Programu isiyotofautisha mambo haya mawili itazima pampu zote huku maji yanapanda.

Boya_la_Juu
Nimeelewa, tunabadilisha mpango. Chemba ina eneo la mita za mraba 6, pampu moja inatoa lita 100 kwa sekunde. Viwango vya kuwasha na kuzima niviweke wapi?

KinaKirefu
Angalia kwanza mota inaruhusiwa kuwashwa mara ngapi kwa saa. Tuseme 10, yaani kila sekunde 360. Hali mbaya zaidi ni maji yanapoingia kwa nusu ya uwezo wa pampu, na hapo ujazo unaohitajika ni 360 × 100 ÷ 4 = lita 9,000. Gawanya kwa eneo lako: mita 1.5 kati ya kuzima na kuwasha. PLC ikizipokezanisha pampu mbili, mita 0.75 inatosha. Pampu ya pili iwake sentimita 30 juu ya ya kwanza, kengele juu ya hapo, boya la akiba juu kabisa.

Laini_Mbili
Upande wa mawasiliano: ruta ya laini mbili za mitandao tofauti, na kila kitu kipite ndani ya VPN (njia iliyofichwa ndani ya intaneti). Usiache Modbus (lugha ya mawasiliano ya PLC) wazi kwenye intaneti, haina nenosiri. Yeyote atakayeifikia anaweza kuzima pampu. Kituo kitume ishara ya uhai kila dakika. Tatu zikikosekana, skrini iandike "hakuna mawasiliano" badala ya kuendelea kuonyesha kina cha zamani kwa rangi ya kijani. Amri ya kuzima kutoka mbali ijifute baada ya dakika 15 na pampu irudi otomatiki.

Betri: vifaa vya wati 15 kwenye volti 24 vinakula kama ampea 0.6, yaani ampea-saa 15 kwa siku nzima. Funga ya 26, maana joto na umri vinaipunguza.

FundiPaneli
Naongeza: tuma ofisini ampea za kila pampu. Kilowati 22 kwa mzigo kamili ni kama ampea 42. Zikipanda kuliko kawaida, mara nyingi takataka zimebana. Zikishuka sana, inanyonya hewa au valvu ya bomba la kutolea imefungwa. Zikiwa za kawaida lakini kina hakishuki, kagua valvu ya kuzuia maji kurudi ya pampu iliyolala, huenda maji yanazunguka humohumo.

Na fundi akiingia chembani, isoleta (swichi ya kukata umeme wa pampu) ifungwe kwa kufuli na ufunguo awe nao yeye. Swichi ya mlangoni si kinga kwake.

Boya_la_Juu
Paneli mbili ziko usawa wa goti. Ni tatizo?

FundiPaneli
Hizo zipandishe kabla ya kununua modemu hata moja: angalau sentimita 50 juu ya alama ya juu kabisa ya mafuriko. Ziba na mabomba ya kebo yanayotoka chembani, gesi ya tope hupandia humo na kula shaba.